Hoteli za mapumziko Kasapa: nani anaangalia watoto ndani ya pisini?

Siku ya posho mchana, barabara ya Kasapa inajaa magari ya familia zinazotoka mjini. Baba yuko mbele, mama nyuma pamoja na watoto watatu, taulo ziko ndani ya sashe na mpira mmoja unagongagonga kioo. Wanapita upande wa chuo kikuu, wanatafuta geti lenye bango linaloahidi pisini, bustani, michezo ya watoto na payoti. Getini mlinzi anauza tiketi: mkubwa na bei yake, mtoto na bei yake. Chakula cha nyumbani hakiingii. Hata chupa ya maji ya mtoto inabaki ndani ya gari. Kisha familia inakaa chini ya payoti na kungoja.

Inangoja sana. Menyu ina kurasa sita, lakini jikoni kuna kuku na tilapia tu. Kuku aliyeagizwa saa saba anafika saa kumi bila bukari, na bukari inafika wakati kuku amekwisha kupoa. Mhudumu aliyeandika komandi hayuko tena. Aliyekuja nyuma yake hajui meza ipi iliomba nini. Baba akiuliza, jibu ni lile lile: « Papa, muvumilie kidogo. » Ndani ya choo hakuna maji wala sabuni. Ile balansware iliyo kwenye picha ya bango imekatika mnyororo mmoja tangu siku nyingi, na watoto wanapanga mstari mbele ya ile inayobaki.

Malalamiko haya wakaaji wa Lubumbashi wanayazoea. Kila kisha juma yanarudi kazini, kanisani na kwenye basi, na mara nyingi yanaishia kwa kicheko. Kuku aliyechelewa anaudhi, lakini hajaua mtu. Shida ni kwamba mahali ambapo hakuna mtu anayejibu juu ya kuku, mara nyingi hakuna pia mtu anayejibu juu ya pisini. Na hapo mambo si ya kucheka tena.

Mtu aende aangalie mwenyewe siku ya Yenga alasiri. Ndani ya pisini kuna watoto ishirini ao zaidi, wakubwa na wadogo pamoja. Muziki unapiga kwa nguvu kwa sababu ndani ya sale, hatua chache kutoka pale, kuna ndoa. Wazazi wako kwenye payoti, mgongo kuelekea maji, wanamtafuta mhudumu. Na mtu wa kuangalia maji? Kuna kibao kidogo kinachosema kwamba hoteli haitajibu juu ya ajali yoyote. Pale ambapo kuna mtu, mara nyingi ni kijana yule yule anayepanga viti, anayeokota chupa tupu na anayetumwa kuleta barafu. Hakuna aliyemfundisha kuogelea, wala namna ya kumrudishia mtoto pumzi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba watu karibu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Wengi walifia mitoni, maziwani, visimani na baharini, si kwenye hoteli. Lakini namna mtoto anavyozama ni moja kila mahali, na haifanani na ile ya ndani ya filme. Hapigi kelele, kwa sababu kinywa chake kiko chini ya maji. Hapungi mkono, kwa sababu mikono inasukuma maji ili kichwa kipande juu. Anazama kimya, kwa dakika chache tu, na mtu aliye mita tano kutoka pale anaweza kufikiri anacheza. Ndiyo sababu mwangalizi wa pisini hapashwi kuwa na kazi nyingine mkononi wakati watoto wako ndani ya maji. Hata ile ya kuleta barafu.

Maji yenyewe yana neno la kusema. Maji ya pisini yanabaki safi kwa vitu viwili: dawa ya klorini inayopimwa kila siku, na pampu inayopitisha maji kwenye chujio kwa saa nyingi. Pampu ikisimama, maji yanakuwa na ukungu, kisha yanageuka kijani. Hapo si ngozi na macho tu yanayoumia. Mtoto aliyezama chini hawezi kuonekana. Kuna kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kufanya bila mashine: asimame upande wenye kina kirefu na atazame chini. Kama haoni sakafu vizuri, watoto wake wasiingie, hata kama tiketi zimelipwa.

Wenye hoteli wana la kujibu, na jibu lao si la uongo lote. Umeme wa SNEL unakatika, wakati mwingine siku mzima, na mazuti ya jenereta inakula faida. Maji ya REGIDESO hayafiki kila mahali upande wa Annexe, kwa hiyo kila mmoja anachimba kisima chake. Huduma za serikali zinapita moja baada ya ingine, kila moja na karatasi yake na takse yake. Mwenye hoteli mmoja mmoja anaweza kuhesabu kwa vidole wiki ambayo hakupokea ujumbe wa wakaguzi. Haya yote ni kweli, na inafaa yasemwe bila woga.

Lakini delestaji haielezi kwa nini pesa za kujenga sale mpya ya sherehe zinapatikana, na zile za kumlipa mwangalizi mmoja wa pisini hazipatikani. Kila mwaka kuta zinaongezeka: marumaru, vioo, taa za rangi. Watu ndio hawaongezeki. Sababu iko kwenye hesabu. Katikati ya juma, hoteli inaishi kwa makampuni ya madini, mashirika na ofisi zinazokuja kufanya semina. Fakitire inalipwa na kampuni, na mteja huyo anahudumiwa vizuri ili arudi. Kisha juma, inaishi kwa ndoa na bia. Familia ya watu watano inayokunywa fanta na kula kuku mmoja inakaa meza mzima kwa saa sita, na haiongezi mengi kwenye kasha. Bango linaita familia, lakini kazi ya ndani haikupangwa kwa ajili yake.

Haikuwa hivi sikuzote, ingawa isisemwe kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, mapumziko ya familia za wafanyakazi yalikuwa mambo ya kampuni. Ilikuwa na viwanja vyake vya mpira, masomo yake, hospitali zake na « cercles » zake, ambamo wengine walijifunza kuogelea. Hata jina la siku ya posho linatoka kwenye chakula ambacho kampuni iligawa. Cercles hizo zilikuwa na ubaguzi wake, ya wakubwa mbali na ya wadogo, na mtoto wa mfanyakazi wa chini hakuingia kila geti. Lakini mahali palikuwa na mtu aliyeandikwa, mwenye kazi inayojulikana na mkubwa wa kumuuliza. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, mpango huo ulianguka nayo. Hoteli za kipekee zilijaza nafasi hiyo wakati madini yalipoanza tena kuleta pesa. Zilirudisha majengo. Utaratibu wa watu haukurudi.

Na hapa ndipo kiini cha huduma mbaya kiko. Mhudumu anayesahau komandi si mvivu. Mara nyingi ni mfanyakazi wa siku moja, aliyeitwa asubuhi kwa telefone kwa sababu kuna ndoa mbili. Anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kilicho karibu, anayetafuta franga za silabusi. Hakuonyeshwa jikoni, hakuambiwa chakula kipi kimekwisha, na juma lijalo hatakuwa pale. Mwenye hoteli anasema hawezi kumfundisha mtu atakayeondoka. Lakini ni nani anayemfanya aondoke?

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 40, inasema wazi: mfanyakazi wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Sheria ilitaka kumlinda. Kwa mwajiri anayetaka kukwepa mzigo huo, njia rahisi ni kubadilisha sura kabla ya siku ya 22. Mteja anaona matokeo bila kujua chanzo: kila anaporudi, anapokelewa na mtu mgeni asiyejua kisu kiko wapi. Inspekta wa kazi akipita Kasapa, daftari la wafanyakazi wa siku lingemfundisha mengi kuliko mazungumuzo na jeran ndani ya ofisi yenye hewa baridi.

Kuhusu bei, mambo yaelezwe kwa kifupi. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inamwacha mfanyabiashara apange bei yake, lakini mteja apashwa kuijua mbele ya kununua. Mahali pengine menyu inaonyesha bei moja, na fakitire inaleta ingine, kwa sababu TVA ya 16% imeongezwa mwishoni bila kutangazwa. Kwa chakula cha franga 150,000, hiyo ni franga 24,000 zaidi: bei ya kurudi nyumbani kwa teksi na kitu kinabaki. Mahali pengine menyu iko kwa dola, na kasha ina kipimo chake cha kubadilisha, tofauti na kile cha kambista wa kona. TVA ni deni halali tangu mwaka wa 2012. Kuificha mpaka saa ya kulipa ndiko kusiko halali.

Serikali ya jimbo inapenda kusema kwamba Haut-Katanga ina mali ingine kuliko shaba. Inataja maanguko ya Lofoi, mbuga za Kundelungu na Upemba, maziwa na vilima. Maneno mazuri. Lakini kwa familia nyingi za Lubumbashi, Lofoi iko mbali na barabara ni ngumu. Utalii wao ni siku moja ya pisini nje ya mji. Huo ndio utalii uliopo, unaolipwa kwa franga za hapa, na hakuna anayeuangalia. Divisheni ya utalii inatoa ruhusa ya kufungua na kuhesabu vyumba. Inaweza pia kuomba vitu vichache kabla ya kuruhusu pisini ipokee watoto: mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye kazi hiyo tu, kamba inayogawa maji mafupi na marefu, boya la kuokolea lililo karibu, si ndani ya depo iliyofungwa. Hii haihitaji bunge lipige kura. Wazima moto na Msalaba Mwekundu wanajua kufundisha msaada wa kwanza. Gharama ya mafunzo hayo hailingani hata kidogo na ile ya marumaru ya sale moja.

Na pisini inayokodishwa pamoja na sale ya ndoa, saa ile ile, ifungwe kwa watoto mpaka wageni wa ndoa waondoke. Mwenye hoteli hawezi kuuza mahali pamoja mara mbili na kutegemea kwamba mama aliye kwenye payoti ndiye atakayekuwa mlinzi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wengi wananyamaza, wanalipa, wanaapa hawatarudi, kisha wanarudi kwa sababu watoto wameomba. Wengine wanaona getini pa hoteli ni mahali ambapo ulezi unabadilisha mkono: tiketi imelipwa, watoto si wao tena mpaka saa kumi na mbili. Si hivyo. Swali moja linaweza kuulizwa getini, mbele ya kutoa pesa: leo nani anaangalia pisini, na yuko wapi? Mlinzi akionyesha kijana anayebeba kreti za bia, familia imekwisha kupata jibu, na gari linaweza kugeuka.

Wakati wa kutengeneza mambo haya uko, kama mtu anataka. Juni na Julai baridi ya Lubumbashi inawafukuza hata vijana ndani ya maji, na pisini zinabaki tupu. Ndiyo miezi ya kutengeneza pampu, kufunga balansware na kufundisha watu. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, familia zinatoka makaburini asubuhi na kutafuta mahali pa kula pamoja. Payoti zitajaa tena. Kisha Septemba na Oktoba joto linapanda, mvua bado, na kila mtoto wa mji anataka maji.