KONA YA BWANA SHAMBA: Mzigo wa Safari ya Sikukuu



Mwezi wa Desemba umekaribia. Ni mwezi wa safari. Wengine watakwenda Dar es Salaam, Mwanza au Arusha kuwaona watoto wao. Wengine watapokea wageni kutoka mjini. Katika kila kituo cha basi utaona magunia, vikapu, ndoo na matenga ya kuku. Hii ni desturi yetu nzuri. Mgeni haji mikono mitupu, wala haondoki mikono mitupu.

Huenda utauliza: Bwana Shamba na mizigo ya basi, wapi na wapi? Fikiri kidogo. Mzigo wako umetoka wapi? Umetoka shambani, ghalani au bandani. Basi ni kazi yangu.

HESABU KWANZA MADEBE

Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Tabora, Iringa na Ruvuma, Desemba ni mwezi wa kupanda. Mahindi mapya bado yako mbali sana. Kwa hiyo, kabla ya kufunga mzigo, nenda kwenye kihenge uhesabu.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mtu mmoja anakula nusu kilo ya mahindi kwa siku. Nyumba ya watu 6 inakula kilo 3 kwa siku. Debe 1 la mahindi lina kilo 18 hivi. Gawanya 18 kwa 3, unapata 6. Debe 1 ni chakula cha siku 6.

Tangu Januari mpaka mwisho wa Mei ni siku 150 hivi. Zidisha kwa kilo 3, unapata kilo 450. Hayo ni madebe 25. Je, kihengeni yamo madebe 25? Kama yamo 30, peleka 2 au 3 kwa moyo mweupe. Kama yamo 20, usipeleke mahindi. Peleka kitu kingine: mboga za majani zilizokaushwa, karanga kidogo, ubuyu, au asali. Mwanao aliye mjini hatakasirika. Atakasirika zaidi mwezi Machi, utakapompigia simu kuomba fedha ya kununua mahindi yale yale.

Na kama mvua imeanza, panda kwanza, kisha safiri. Basi la kesho lipo. Mvua ya kwanza hairudi.

MAHINDI YAWE MAKAVU

Mahindi yasiyokauka yakifungwa ndani ya gunia, yakakaa siku 2 chini ya basi lenye joto, huanza kuota ukungu. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu. Haionekani kwa macho. Haiishi kwa kupika ugali, hata ukiupika kwa muda mrefu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula chakula chenye sumukuvu. Karanga nazo hupatwa na sumu hiyo.

Utajuaje kama mahindi yamekauka? Chukua chupa kavu ya kioo. Tia chumvi kavu kijiko kimoja au viwili. Tia mahindi kiasi cha robo ya chupa. Funga mdomo, tikisa vizuri, kisha iache itulie. Tazama kioo. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yaanike tena juani juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo. Chumvi isiponata, yafunge.

Chambua pia punje zilizooza na zilizobadilika rangi. Usimpe mgeni. Usimpe kuku wala ng'ombe. Zifukie.

USIBEBE DUMUZI

Wazee wa Tabora watanielewa upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mgeni alionekana katika mkoa wao. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Sisi tunamwita dumuzi, na wengine wanamwita skania. Hana mabawa ya kuruka kutoka Tabora mpaka pwani kwa siku moja. Amesambaa nchini na nchi za jirani kwa sababu watu walimbeba ndani ya magunia. Ni mdogo, ana rangi ya kahawia nyeusi, na anatoboa hata mbao. Anakula mahindi na mihogo mikavu. Akiingia ghalani, unakuta unga badala ya punje.

Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mama mmoja aliletewa na ndugu zake madebe 2 ya mahindi wakati wa Krismasi. Alifurahi. Akayamimina kihengeni juu ya mahindi yake mwenyewe. Mwezi wa tatu alipoingiza mkono akatoa vumbi. Watoto 5 walimaliza msimu ule kwa kula kwa majirani. Ndugu zake hawakuwa na nia mbaya. Walileta zawadi.

Kwa hiyo, unayepeleka mahindi, yapepete na kuyachekecha kwanza. Ukiona vumbi la unga chini ya ungo, usiyapeleke. Unayepokea mahindi, usiyachanganye na yako. Yasage na kuyala kwanza. Gunia tupu alilokuachia mgeni ligeuze nje ndani, litie katika maji ya moto sana, kisha lianike juani mpaka likauke kabisa.

MBEGU NA DAWA ZIKAE MBALI

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Watu wengi hununua mbegu na dawa mjini wakati wa sikukuu, halafu wanazitia katika kikapu kimoja na mchele, sukari na nguo za mtoto. Usifanye hivyo hata siku moja. Mbegu yenye rangi nyekundu, bluu au kijani imepakwa dawa. Si chakula. Kuiosha hakuondoi sumu yote. Ifunge peke yake, na andika juu yake: SUMU. SI CHAKULA.

Chupa iliyokuwa na dawa ya pamba au ya nyanya haifai kutiwa asali, mafuta wala maziwa, hata ukiiosha mara 10. Wapo wanaoipenda kwa sababu ina kifuniko kizuri. Kifuniko kizuri hakizuii sumu.

Kama mahindi yako yalitiwa dawa ya unga ya kuhifadhia, soma karatasi ya dawa. Imeandikwa ungoje siku ngapi kabla ya kula. Kama siku hizo hazijatimia, mwambie unayempelekea. Mwandikie, asisahau.

Jambo lingine ni miche. Unaona mgomba mzuri kwa shemeji yako, unachimba chipukizi na kulifunga kwenye buti la basi. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na baada ya miaka michache ukafika Kagera. Huenea kwa machipukizi, na kwa visu na mapanga yaliyokata mgomba mgonjwa. Vijiti vya mihogo navyo hubeba batobato na michirizi ya kahawia. Shina linaweza kuonekana zima, kumbe lina ugonjwa. Ukipenda mbegu ya kwa shemeji, andika jina lake, rudi nalo, tuulize pamoja mahali pa kupata miche safi.

KUKU WA SIKUKUU

Kuku asifungwe miguu na kuning'inizwa kichwa chini. Anaumia, na wengine hufa njiani. Tumia tenga lenye matundu, kuku wasibanane. Asubuhi ya safari wape maji ya kutosha na chakula kidogo. Usiweke tenga chini ya magunia.

Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine wanauita kideri, husafiri sana wakati huu. Kuku anaweza kuonekana mzima leo, kumbe amekwisha ambukizwa. Chanjo yake ni tone moja katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanjeni kuku wote wa mtaa kwa siku moja, angalau wiki 2 kabla ya safari. Ukiletewa kuku, mfungie peke yake wiki 2. Kama ni wa kuchinjwa siku ya sikukuu, mchinje, na manyoya na matumbo uyafukie.

Mayai yapange katika ndoo yenye pumba za mpunga. Ncha nyembamba ikae chini.

Mbuzi na kondoo wana sheria yao. Wanahitaji kibali cha kusafirishwa. Ulizeni ofisi ya mifugo mapema, msingoje mpaka basi linawaka.

KUFUNGA NA KUANDIKA

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumia kikapu, kiroba au gunia. Vizito vikae chini, vyepesi juu. Mafuta ya kula yafungwe ndani ya chombo cha pili. Petroli na mafuta ya taa visiingie ndani ya basi kabisa.

Sasa jambo ninalolipenda. Wewe msomaji umejifunza kuandika. Kalamu yako ifanye kazi. Juu ya kila gunia andika kwa herufi kubwa jina lako na kituo unachoshukia. Andika hayo hayo katika karatasi, uitie ndani ya gunia kabla ya kushona mdomo. Maandishi ya nje yakifutika kwa mvua, ya ndani yatasema. Kisha andika orodha: gunia 1, kikapu 1, tenga 1 kuku 4. Ukishuka, soma orodha kabla basi halijaondoka. Kondakta akikuharakisha, wewe soma.

Andika pia namba ya simu ya mwenyeji wako katika karatasi. Simu ikiishiwa moto, karatasi haiishiwi.

Vitu vichache usiviache kwenye buti: kitambulisho, tiketi, fedha, dawa unazotumia kila siku, kadi ya kliniki ya mtoto, maji ya kunywa na shuka moja. Fedha usiiweke yote mahali pamoja.

Wanaotaka kuchanja kuku kabla ya Krismasi wajiandikishe mapema kwa ofisa mifugo wa kata. Chupa moja ya chanjo inatosha kuku wengi, na ikifunguliwa haikai muda mrefu. Kwa hiyo njooni pamoja, na msiwafungulie kuku asubuhi hiyo.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya palizi ya kwanza.

Bwana Shamba wenu.