Jina na mkoa hubadilika, akiba ya mchuuzi isipotee

NAOMBA nianze kwa kukiri kosa langu. Mimi ndiye ninayetunza orodha ya wanachama wa ushirika wetu wa kuweka na kukopa hapa Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Tulipohamisha daftari kwenda kwenye kompyuta, niliamua kila mwanachama atambuliwe kwa jina, mkoa na namba ya simu. Niliona inatosha.

Haikutosha. Mama mmoja aliyerejea kutoka kambini Tanzania alijiunga kwa jina la Bukulu, kama karani wa kule alivyoliandika, na laini ya simu ya huko. Baadaye akapata kitambulisho cha Burundi kilichoandikwa Bukuru, akanunua laini ya huku. Kompyuta ikaona watu wawili. Akiba yake ikagawanyika mafungu mawili, na alipoomba mkopo wa kununua mchele akaambiwa hajafikisha kiwango.

Jina kwetu si alama ya mtu mmoja. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, nchi nzima. Mkoa nao? Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na Muyinga yetu ikaingia Buhumuza. Rwanda ilipunguza kutoka 12 hadi 5 mwaka 2006, ukihesabu na Jiji la Kigali. Kongo iliongeza kutoka 11 hadi 26 mwaka 2015. Mtu hajahama nyumba, lakini anwani yake imebadilika.

Wataalamu wa hifadhidata huuita utambulisho wa aina hiyo ufunguo wa asili, kwa kuwa unatokana na mambo ya mtu mwenyewe. Ufunguo wa kubuni ni namba tupu inayotolewa na mfumo, isiyosema lolote juu yake. Kwa kuwa haisemi kitu, hakuna cha kusahihisha ndani yake. Jina, mkoa na simu hubaki kuwa maelezo tu. Yakibadilika, unayarekebisha mahali pamoja na akiba haiguswi.

Wapo watakaosema tutumie namba ya kitambulisho cha taifa. Lakini wengi wanaorejea hufika bila kitambulisho hicho. Tena namba nyingine hubeba habari: ile ya Rwanda, yenye tarakimu 16, ina mwaka wa kuzaliwa ndani yake. Mwaka ukikosewa, kosa limeingia kwenye namba yenyewe.

Hata hivyo, namba tupu peke yake si dawa. Kwa uzembe ule ule ningempa yule mama namba mbili bila kushtuka. Kabla ya kutoa namba mpya, karani aulize majina ya wazazi, mwaka na kilima alikozaliwa mtu, kisha alinganishe na waliomo.

Nawe mfanyabiashara mwenzangu, dai namba yako na uiandike. Ukibadili laini au karatasi, usijiandikishe upya, sema, "Rekebisheni maelezo yangu."

Yule mama tumemuunganishia akiba yake na mkopo ameupata. Ila bei nzuri ya mchele ilikuwa imekwisha kupita.