Heshima Haiuzwi kwa Bahasha

Vijana wenzangu wa Thika na Ruiru,

Kila ukipanda matatu kwenda tauni unapita Roysambu. Si unakumbuka Machi 2025? Rais Ruto alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja pale. Jumapili iliyofuata vijana wakajaa Thika Road, magari yakakwama, polisi wakarusha vitoa machozi. Pesa ilitoka, heshima haikuja. Novemba 2024 pia, Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ya Rais yaliyotolewa kanisani Soweto.

Utasema hayo ni ya makanisa. Haya, na sisi je? 2027 hiyo inakuja. Zitakuja futari, mazulia mapya ya msikiti, na mia tano tano mlangoni baada ya Ijumaa. Ukipokea, usidhani umependwa. Anayekununua hakupendi, anakuhesabu tu. Kesho ukizungushwa ofisini kwa ajili ya kitambulisho sababu ya jina lako, umwendee na nini? Yeye ashalipa, hana deni na wewe.

Sasa fikiria rafiki aliyesimama na wewe kwenye foleni hiyo, au aliyebeba jeneza la mzazi wako. Nani alimlipa?

Qarun alikuwa na hazina ambazo funguo zake peke yake ziliwalemea wanaume wenye nguvu. Ardhi ilipommeza, hakuna aliyemnusuru.

Jisajili kupiga kura. Mwanasiasa akija na bahasha, muulize kuhusu haki zako. Bahasha arudi nayo.