Léopards ku Moroko: nani atafunga magoli?

Tangu kocha Sébastien Desabre atoe lisiti ya wachezaji wa kwenda ku CAN, hakuna posti inaanza mu Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi bila mabishano. Wale wa usiku wanatoka, wale wa asubuhi wanaingia, na pale wanapopishana neno ni moja: "Uliona ile lisiti?" Halafu mabishano yanaelekea palepale kila mara. Banani hawa batoto ya Mputu? Mbona hatuone hata mutoto moya wa hapa kwetu?

Ndugu zangu, uchungu huo ninauelewa. Lakini tunachimba mu shimo ambamo madini yalishakwisha. Kuna swali lingine ku lisiti hiyo, kubwa zaidi, na watu wachache tu wanaliuliza.

Tuanze na hiyo habari ya Mputu, ili tuimalize. Ni kweli, Aaron Wan-Bissaka alizaliwa London na alivaa jezi ya vijana wa Uingereza mbele ya kuja kwetu. Arthur Masuaku alizaliwa Lille, na kipa Lionel Mpasi alizaliwa Meaux, karibu na Paris. Sawa. Lakini Axel Tuanzebe, ambaye wengi wanamuita Mwingereza, alizaliwa Bunia. Kapiteni Chancel Mbemba ni mutoto wa Kinshasa. Fiston Mayele ni wa Mbuji-Mayi. Meschack Elia ni wa Kinshasa pia, lakini kazi yake aliionyesha hapa, ku Mazembe, na wazee wa Kamalondo wanakumbuka vile alikuwa anawakimbiza walinzi wa timu ingine. Kwa hiyo ukisema "batoto ya Mputu", ni nani hasa unamusema?

Na hata wale waliozaliwa ng'ambo, tuliwaona ku Abidjan, tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka 2024, mbele ya nusu-fainali na Côte d'Ivoire. Wakati wimbo wa taifa unapigwa, timu nzima iliziba kinywa kwa mukono mumoja, na vidole viwili vya mukono mwingine vikawa ku kichwa kama bunduki. Dunia yote ilielewa kwamba wanasema juu ya wafu wetu wa mashariki. Mutu mwenye aliweza kucheza Ufaransa ao Uingereza na kukaa kimya, akachagua kusimama pale, mimi sitamuuliza karatasi ya kuzaliwa.

Karatasi, wengine njo wanaziuliza. Nigeria, kisha kupigwa na sisi ku penalti mwezi wa 11, wamepeleka malalamiko ku FIFA. Wanasema sheria ya Kongo haikubali mutu kuwa na uraia wa inchi mbili, basi wachezaji wetu fulani hawakuwa na haki ya kucheza. Hapo nitasema kitu ambacho hakitafurahisha kila mutu. FIFA ina kanuni yake ya kubadilisha timu ya taifa, na naamini kwamba ku kanuni ile tuko salama. Lakini Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema wazi kwamba uraia wa Kongo ni mumoja na hauchangikane na mwingine. Miaka karibu 20 tunawaita vijana hawa kwa mikono miwili, na sheria tumeiacha vilevile. Mutu akiacha mulango wazi, asishangae jirani akichungulia ndani. Kazi hiyo ni ya wabunge, si ya Desabre, na si ya mutoto wa miaka 21 mwenye alikuja kucheza mupira.

Juu ya vijana wa hapa kwetu: kutafuta kosa ku kocha ni rahisi mno. Wakati tulichukua kombe la Afrika ku Addis-Abeba mu 1968, goli la fainali juu ya Ghana lilifungwa na Kalala Pierre wa Englebert, njo kusema Mazembe ya leo. Kazadi Mwamba, kipa wa 1974, alikuwa wa hapa. Tshimen Bwanga, mwenye alipewa Mupira wa Zahabu wa Afrika wa 1973, alikuwa wa hapa. Timu yote ya 1974 ilikuwa inacheza ndani ya inchi. Hakuna mutu aliwaweka kwa huruma. Walikuwa wanashinda kombe za Afrika na klabu zao. Na wakati ule, mu miji ya migodi, kambi ya wafanyakazi ilikuwa na uwanja, uwanja ulikuwa na timu, na kijana mwenye kucheza muzuri alipata kazi ku kampuni pamoja na viatu. Leo pitia mu makambi yale, uangalie ni nini kilijengwa juu ya viwanja. Mimi siwezi kumuomba kocha aende kutafuta mushambuliaji pahali ambapo sisi wenyewe tuliweka depo ya lori.

Basi, tuingie ku swali lenyewe.

Kila mutu anakumbuka kwa furaha CAN ya Côte d'Ivoire, sababu tulifika nusu-fainali. Lakini chukua kalamu, uhesabu. Zambia, 1-1. Moroko, 1-1. Tanzania, 0-0. Misri, 1-1, na penalti, na Mpasi mwenyewe akaenda kupiga ile ya mwisho na kuiweka ndani. Guinée, 3-1. Côte d'Ivoire, tulipigwa 1-0. Afrika ya Kusini, 0-0, tukapoteza ku penalti. Mechi 7, magoli 6, na kati ya hayo 6, magoli 3 yalitoka siku moja. Tulishinda mechi moja tu bila kungojea penalti. Moja! Tulifika mbali kwa sababu tulikuwa wagumu kupigwa, si kwa sababu tulikuwa tunapiga.

Na haikubadilika sana. Mwezi wa 11 mwaka huu, ku Rabat, Kameruni tuliitoa kwa goli moja, la Mbemba, mulinzi, wakati dakika 90 zilishapita. Siku 3 kisha, na Nigeria, walitufunga mbele ya dakika 5, Elia akasawazisha, na toka pale hakuna goli lingine mupaka mwisho wa dakika 120. Desabre akamutosha Mpasi, akamuingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu, na Mbemba tena akamaliza kazi. Sote tuliruka, na mimi pia. Lakini mukubwa wa posti mwenye akili, akiona mashine inawaka paka kwa kusukumwa, hafurahi kwamba iliwaka. Anauliza itawaka mara ngapi tena.

Linganisha na 1974, ku Misri. Ndaye Mulamba peke yake alifunga magoli 9 ku CAN ile. Fainali ya kwanza na Zambia ilikuwa 2-2, yote mbili ni yake. Wakarudia, 2-0, yote mbili ni yake. Mupaka leo hakuna mutu Afrika amefikisha magoli 9 ku CAN moja. Yeye mumoja alipita timu yetu nzima ya 2024. Kombe inachukuliwa namna ile, kwa mutu ambaye mupira ukimufikia mu surface, mulinzi anaanza kuomba Mungu.

Sasa lisiti ya leo, nani? Yoane Wissa hayuko. Aliumia goti mwezi wa 9, ku Kinshasa, siku ile ya Senegal, na hasara yake tutaiona zaidi kuliko watu wanavyofikiri, sababu alikuwa anajua kufunga hata kama mechi ni mubaya. Cédric Bakambu yuko. Ana miaka 34, anakimbia, anapiga presha, anawasaidia wenzake nyuma, na kocha anamupenda kwa kazi hiyo. Ana haki. Lakini hawezi kufanya yote mbili kwa dakika 90, kusumbua walinzi na bado kuwa na miguu ya kumaliza.

Mimi ningemuanzisha Mayele. Najua jibu: "Anacheza Misri, si Mputu." Yaani watu walewale wenye wanalia juu ya batoto ya Mputu, ukiwaletea mutu wa Mbuji-Mayi mwenye anacheza Afrika, wanasema hajafika! Huyu alikuwa mushambuliaji wa Yanga ya Dar es Salaam mupaka Watanzania wakafanya muchezo wake wa kutetema kuwa wao. Akaenda Pyramids, na mwaka huu wamechukua Ligue des Champions ya Afrika, yeye akiwa mufungaji wa kwanza wa mashindano. Anawajua walinzi wa Afrika, anajua viwanja, anajua marefa. Ku timu ya taifa anapewa dakika 20 za mwisho, wakati wenzake wamechoka na mupira haumufikie. Halafu tunasema hafunge. Bakambu na Mayele pamoja ku mechi ya kwanza, Elia ku upande, Noah Sadiki na Samuel Moutoussamy wafunge katikati: sioni kwa nini tuogope hivyo. Nyuma tuko na Mbemba, Tuanzebe na Wan-Bissaka. Kama na walinzi hawa hatuwezi kuweka washambuliaji wawili, tutaweka lini?

Ku kundi letu kuko Benin, Senegal na Botswana. Wengi wanaruka moja kwa moja ku Senegal, sababu ya kidonda cha tarehe 9 mwezi wa 9: tulikuwa tunaongoza 2-0 ku Stade des Martyrs, tukatoka tumepigwa 3-2, na Kombe la Dunia ya moja kwa moja ikaenda kwa tofauti ya pointi 2. Mimi mechi yenye kuniogopesha ni ya kwanza, tarehe 23, na Benin. Kocha wao ni Gernot Rohr, muzee mwenye kuijua Afrika. Timu yake ilikuwa mbele ya kundi lao la Kombe la Dunia mupaka siku ya mwisho. Mu 2019 walifika robo-fainali bila kushinda mechi hata moja mu dakika 90, kwa hiyo sare haziwaogopeshe. Watafunga mulango na kungoja. Ni mechi ya namna ile ambayo sisi tunaimaliza 0-0, halafu tunaanza kuhesabu vidole kabla ya kukutana na Senegal tarehe 27. Botswana, tarehe 30, ni timu inayorudi ku CAN kwa mara yake ya pili tu, na hapo tukikosa kushinda, tusitafute sababu.

Kuna wanaosema CAN hii ni mazoezi tu, kitu cha maana ni mwezi wa 3 huko Meksiko, ambako tutakutana na mushindi kati ya Jamaïque na Nouvelle-Calédonie kwa nafasi ya Kombe la Dunia. Basi waache wazee wapumuzike, tusiumize mutu. Hapana. Timu haijifunze kufunga kwa kupumuzika. Jamaïque wakija, nao watafunga mulango, na tutakuwa na ugonjwa uleule, na wakati huu itakuwa mechi moja tu.

Na neno la mwisho ni kwa viongozi. Wafanyakazi wa mugodi hawana haja ya kufafanuliwa prime ni nini. Mu 1974, ku Ujerumani, wachezaji wetu waliahidiwa pesa, na kama walivyosimulia wenyewe baadaye, walipojua kwamba haitawafikia walikataa kwanza kuingia ku uwanja mbele ya mechi na Yugoslavia. Walipoingia, ikawa 9-0. Wengine mupaka leo wanacheka matokeo yale bila kujua kilichotangulia. Ndaye mwenyewe, yule wa magoli 9, refa alimupa kadi nyekundu siku ile kwa kosa la mwenzake. Kwa hiyo prime za Moroko ziandikwe, zihesabiwe, na zilipwe mbele ya tarehe 23, si kisha mechi ya pili wakati simu za wachezaji zimeanza kulia.

Mimi naona hivi: Benin 2-0 kama Mayele anaanza, 0-0 kama anakaa ku banki. Senegal, sare. Botswana, tunashinda. Kisha hapo robo-fainali iko mukononi, na nusu-fainali tunaijua njia yake. Wale wa posti ya muchana tarehe 23 hawataona mechi. Mwenye simu huku juu awaandikie magoli ku karatasi, na majina ya wafungaji, ili mabishano ya jioni yaanze na kitu cha kweli.