Mbegu baridi zingetufaa wafugaji wa Rombo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu uhimilishaji wa ng'ombe huku kwetu Mkuu, wilayani Rombo.

Wengi wetu tunafuga ng'ombe mmoja au wawili kihambani, kwa migomba na majani yanayobebwa kutoka tambarare. Dume hatuna pa kumweka wala cha kumlisha, na dume la kuazimana hueneza magonjwa, likiwemo la kutupa mimba. Kwa hiyo tunategemea mbegu za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River.

Mbegu hizo ni nzuri, lakini hutunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo hupungua kila siku hata mtungi ukiwa umefungwa, na ikiisha mbegu zote hufa. Ng'ombe naye hangoji. Joto lake hudumu kama saa 18 tu. Likipita, mfugaji hungoja siku 21 nyingine, na majani lazima yakatwe vilevile.

Iko njia ambayo wafugaji wa mbwa Ulaya na Marekani wanaitumia hadi leo. Mbegu za mbwa huchanganywa na dawa yenye kiini cha yai, zikapozwa polepole mpaka nyuzi 4 au 5 bila kugandishwa, kisha zikasafirishwa katika sanduku lenye barafu. Hukaa hai siku kadhaa. Ng'ombe nao walihimilishwa kwa mbegu baridi kabla Waingereza hawajagundua, mwaka 1949, njia ya kuzilinda zisife zinapogandishwa. Hata sasa New Zealand hutumia mbegu zisizogandishwa kwa ng'ombe wa maziwa.

Sisemi mitungi itupwe. Mbegu zilizogandishwa hudumu miaka mingi, hali hizi baridi ni za siku mbili tatu tu. Lakini kutoka Usa River hadi Mkuu ni safari ya saa chache kwa basi. Zikiletwa Jumanne na Ijumaa, mhimilishaji atakuwa na mbegu hai karibu wiki nzima. Kinachotakiwa ni sanduku, barafu na uangalifu kwamba chupa ya mbegu isiguse barafu yenyewe.

Nawaomba wataalamu wa mifugo walijaribu jambo hili Rombo kwa mwaka mmoja, wahesabu ng'ombe walioshika mimba kwa kila njia, kisha watutangazie matokeo. Kama mbwa wa matajiri wanasafirishiwa mbegu kwa barafu, ng'ombe anayelipa ada za watoto wetu hastahili pungufu ya hapo.



Mfugaji,
Mkuu, Rombo.