Daftari la Wiki: Mhesabu Shomoro

Teleka wamerudi Walthamstow. Wamejaa juu ya mabwawa yanayoinywesha London, wametoka Afrika ya kati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha mwaka 2016 kwamba baadhi yao hukaa angani miezi 10 bila kutua. Mimi nikishuka kituo cha Tottenham Hale natafuta kwanza benchi.

*

Kila nikitaja teleka hakosi mtu wa kunikumbusha kwamba ndege haombi viza. Tumesikia. Leteni jingine.

*

Mwuza darubini alinitajia bei. Nikamwuliza kama na ndege wamo humo.

*

Kasuku wa kijani wanaotupigia kelele alfajiri wana hadithi mbili. Ya kwanza: Jimi Hendrix aliwaachia Carnaby Street. Ya pili, wanayoipenda Waganda: walitoroka studio za Isleworth mwaka 1951, wakati wa kutengeneza The African Queen, filamu iliyopigwa kwa sehemu Uganda na Kongo. Watafiti wa Queen Mary, chuo cha hapa hapa London, walizichunguza mwaka 2019 kwa mbinu ambayo polisi huitumia kumsaka muuaji, wasipate cha kuziunga mkono. Hadithi zinaendelea kusimuliwa. Tamu haiuawi na ushahidi.

*

Sasa niwagombeze kidogo. Marafiki wengi wameanza daftari la ndege, na kila ninaloonyeshwa limejaa waheshimiwa: kipanga wa Tate Modern, bundi wa Hyde Park. Shomoro hayumo. Shomoro ana nini cha kuandikwa?

Novemba 1925 kijana wa miaka 21, Max Nicholson, aliingia Kensington Gardens kuhesabu shomoro. Kazi ya kuchekwa, kama kuhesabu nzi Kariakoo. Akapata 2,603. Hesabu ikarudiwa miaka iliyofuata: 885 mwaka 1948, 544 mwaka 1975, 46 mwaka 1995. Mwaka 2000 walikuwa 8.

Bustani ipo, watalii wapo, njiwa ndio usiseme. Shomoro wameondoka na hakuna aliyewaaga. Sababu zinazotajwa ni nyingi: farasi waliomwaga nafaka barabarani walipisha magari, wadudu wa kulisha makinda wamepungua, matundu ya kwenye mapaa yamezibwa. Wataalamu bado wanabishana ipi ina uzito zaidi. Lakini wana cha kubishania, kwa sababu kuna namba. Bila daftari lile, mzee angesema zamani walikuwa wengi, kijana angeitikia kwa adabu, na habari ingeishia hapo. Kumbukumbu ya mzee haipingwi, ila haipimiki.

Nicholson baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa WWF, mwaka 1961. Alianza na ndege ambaye hakuna aliyemtaka.

Kwa hiyo andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, idadi. Ukichora, chora vibaya bila aibu. Jicho linalochora huona mstari mweusi wa shavuni ambao jicho linalopita halikuuona. Na siku usipomwona yeyote, andika sifuri. Sifuri ndiyo namba ngumu kuliko zote, maana inadai uwe ulikwenda.

*

Simu siku hizi husikiliza mti na kukutajia ndege aliyemo. Sawa. Wapo wanaoisoma simu, wakaondoka bila kuutazama mti.

*

Tower of London, kunguru wakubwa wana mlezi rasmi anayelipwa mshahara, kwa imani kwamba wakihama ufalme utaanguka. Kenya, Juni 2024, serikali ilitangaza mpango wa kuua kunguru wa Kihindi milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Binamu hao, kila mmoja na bahati yake.

*

Mwaka 2020 Ollie Olanipekun na Nadeem Perera walianzisha Flock Together, kundi la watu wasio weupe wanaotazama ndege pamoja, hapa London. Mweusi peke yake kichakani na darubini huulizwa maswali. Wakiwa kundi, wanaulizwa ni ndege gani huyo.

*

Wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya: Nairobi, Bi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi mwaka 1971. Teleka wetu wa Walthamstow alikuwa bado hajatajwa miongoni mwa ndege walio hatarini. Sasa, tangu 2021, yumo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza.

*

Msomaji, popote ulipo, Ilford au Ilala: mchague ndege unayemdharau kuliko wote mtaani kwako. Mhesabu kwa dakika kumi, andika tarehe, na wiki ijayo urudie. Usisubiri apungue ndipo umpende.