Ushauri wa Bure, na wa Siri
Tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni kwa waathirika wa heroini. Dawa hiyo haimtibu kijana wa Ifakara aliyezama katika gongo au bangi. Kwake, mazungumzo na mshauri ndiyo sehemu kubwa ya tiba. Kuondoa ada pekee hakutoshi: anayelima mpunga ng'ambo ya Mto Kilombero bado atalipa nauli. Tena vileo hivyo ni haramu, naye huhofia kwamba akiomba msaada anajishtaki. Siri yake ilindwe. Mshauri naye asimhimize anywaye sana kila siku kuacha ghafla (kosa la nia njema), kwani degedege na hata kifo vyaweza kufuata. Huyo apelekwe kwanza Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, aache chini ya uangalizi wa daktari.